Gari Linaloinua Mguu

Kwa Yudita, mwanangu wa pekee,

Amani iwe juu yako unaporudi kutoka Kashikishi, na iwe juu ya mikono yako, ambayo najua saa hii inanuka mazuti, yale mafuta ya gari. Utashangaa kukuta barua juu ya kiti cha dereva, kwa maana mimi nawe tunalala chini ya paa moja, na si desturi baba kumwandikia mtoto aliye upande wa pili wa ukuta. Lakini tangu ulipotaja siku ya safari nimejaribu kusema nawe, na kila nilipofungua kinywa nilitoa maneno ya mtu anayefunga ibada. Ulinisikiliza kwa adabu, ukasema, "Ndiyo, Papa," ukarudi chini ya gari. Katika karatasi sauti yangu hainidanganyi sana.

Utaona pia kwamba gari haliko mahali ulipoliacha. Liko nyuma ya shamba la mihogo, na gurudumu lake moja la nyuma limepandishwa juu ya kichuguu. Usilishushe kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Sitakuagiza juu ya maji ya kunywa, wala chandarua, wala askari wa mpakani utakapopita Chiengi na kufika Pweto. Hayo unayajua. Nataka kukuambia jambo ambalo mzee wa kanisa hatarajiwi kulisema: sina tumaini juu ya safari hii ya kulirudisha gari kijijini kwetu mlimani, likabebe wagonjwa. Nimelitafuta kwa kufunga na kwa kukesha, sikulipata. Ninapokuombea ninaomba kama mtu anayebisha hodi katika nyumba ambayo amekwisha kuona haina watu. Bado ninabisha, kwa sababu sijui kazi nyingine. Lakini nimewaahidi watu wengi maishani mwangu kwamba Mungu atawafikisha, na wengine nimewazika. Wewe sitakuahidi.

Naujua mlima ule kuliko unavyoukumbuka. Wewe ulikuwa mtoto tulipoukimbia. Kijiji chetu kiko juu, Pweto iko chini, na katikati kuna Meno, mahali ambapo udongo umekwisha na njia ni mawe matupu, yaliyopandana kama ngazi ya mjenzi mlevi. Magari yenye nguvu kuliko letu yamelala pale, na miti imeota ndani yake. Mvua ikianza, hata mbuzi hupazunguka. Na ukivunja kitu huko, hakuna fundi, hakuna duka, na wenye bunduki hawajamaliza mambo yao.

Hayo yote nilikwisha kukuambia, nawe ulinijibu neno moja tu: Feliste. Mvuvi wa Kabuta aliyetoka ng'ambo ndiye aliyetuletea habari kwamba binamu yako, aliyerudi kijijini na mumewe, alishikwa na uchungu wa kuzaa, wakamlaza juu ya tipoyi na kumbeba mabegani kuteremka mlima, naye akafia Meno, tipoyi ikiwa imeinamishwa kupita katikati ya mawe, na mtoto tumboni. Mvuvi alisema si wa kwanza. Wewe hukulia. Ulikwenda ukalala chali chini ya gari, ukaanza kufungua nati. Tangu siku ile sikuwa na hoja tena, nilikuwa na hofu tu.

Basi nikueleze habari ya gari hili, ambayo umeisikia vipande vipande, na mara nyingi kwa vicheko.

Waumini wa kijiji chetu walipolinunua, lilikuwa la kuwateremsha wagonjwa mlimani. Lakini lilipopakiwa watu liliinama matako, likatembea kama mbwa aliyepigwa, na watu wa kijiji jirani wakatucheka. Unajua tulivyo. Gari lililoinama nyuma ni aibu, watu husema mwenyewe ana njaa. Wakubwa wa kanisa wakakaa, wakaamua kila kikundi kitoe jozi moja ya mabamba ya kuongeza katika resori, zile springi za chuma zinazobeba nyuma ya gari, bamba moja kila upande. Yalitoka katika kamioni zilizokufa machimboni. Wanakwaya wakaleta jozi yao, imepakwa rangi nyeupe. Vijana wakaleta nyekundu. Wazee tukaleta nyeusi. Mama yako, aliyekuwa msimamizi wa akina mama, akaleta jozi ya buluu, na siku ya kuiweka wakaimba mpaka jioni. Nami nikasimama mbele yao nikaibariki resori.

Nilijua, mwanangu. Sikuwa fundi, lakini niliendesha gari lile kila juma, na kiuno changu kilijua. Kabla ya mabamba yale, gurudumu likipanda jiwe, lingine lilishuka likatafuta ardhi, na gari likabaki limesimama kama mtu mwenye magoti. Baada ya mabamba yale, magoti yakaisha. Nyuma yote ikawa ubao mmoja. Gurudumu la kushoto likipanda, la kulia lilipanda nalo, likaning'inia hewani na kuzunguka bure. Mama yako ndiye aliyelipa jina. Tulikuwa tumekwama juu ya kisiki, yeye amekaa nyuma na vikapu vyake, akapiga kelele, "Papa Yudita! Gari yako iko inainua muguu sawa imbwa ku muti! Tushuke, ama ingoje imalize?" Watu wote walicheka, nami nilicheka. Nilipaswa siku ile ile kurudi nyumbani na kuondoa mabamba. Lakini ningeondoa ya nani? Ningeacha ya nani? Kanisa lilikuwa na amani kwa mara ya kwanza baada ya ugomvi mrefu, na amani ile ilifungwa kwa boliti chini ya gari. Nikaiacha hapo.

Siku ya kukimbia ulikuwa mbele, katikati yangu na mzee mgonjwa. Nyuma walikuwa watu wengi kuliko ilivyofaa, na mizigo, na mama yako juu ya magunia. Desturi ilikuwa kwamba tukifika Meno kila mwenye miguu anashuka na kutembea. Nilisimamisha gari juu ya mawe ya kwanza. Nilitaka kusema, "Shukeni." Lakini walikuwa wanaimba. Walikuwa wameacha nyumba zao na kila kitu, wakashika wimbo kama mtu anavyoshika kamba mtoni, nami nikaona haya kuukata. Nikasema moyoni kwamba kwa siku moja kama hii Bwana atashika magurudumu. Nikaachia breki.

Unakumbuka ulivyoniuliza kwa nini gari linalala? Lililala polepole kabisa. Gurudumu la nyuma la kulia lilikaa juu ya jiwe, la kushoto likainua mguu kama mama yako alivyosema, uzito wote ukatafuta upande wa bonde, na wimbo ukakatika wenyewe. Hakufa mtu. Wanaume wakaliinua gari kwa magogo. Lakini mama yako alikuwa amevunjika nyonga, na nyonga ile haikupona hata alipolala mara ya mwisho katika zahanati ya Kafutuma, miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa mwingine. Jumapili ya kwanza tuliyosali upande huu, chini ya turubai, nilihubiri kwamba adui alitushambulia Meno na Bwana akatuokoa. Mama yako alikuwa mbele yangu, amelazwa juu ya mkeka na ubao umefungwa pajani. Alinitazama mpaka nikamaliza. Jioni akaniambia, "Papa Yudita, ule adui, mulimufunga na boliti ngapi?" Kisha akaomba maji. Hakurudia tena maneno yale, na hilo ndilo lililokuwa zito.

Huku ziwani mabamba yale yalipata utetezi. Tulianza kubeba samaki wakavu kutoka Kashikishi kwenda bara, na barabara ya samaki haina Meno. Kila gari pale bandarini limeongezwa chuma, na mafundi hulicheka gari lenye resori laini. Ba Kaputo, fundi wa pale, alipolitazama letu mara ya kwanza alipiga makofi. "Ee mukwai, hii ndiyo gari ya mwanaume!" Nikaanza kuamini kwamba kosa lilikuwa la mlima.

Kisha wewe ukaja na simu yako. Nakumbuka ulivyokaa karibu nami chini ya ukingo wa paa, ukanionyesha watu wa nchi za mbali wanaopanda mawe kwa magari bila kufukuzwa na mtu yeyote. Wanaitafuta Meno yao wenyewe siku ya mapumziko, wanaipanda, na jamaa zao wamesimama pembeni wakipiga makofi. Nilidhani unanichezea. Nikasema, "Hawa bantu hawana kazi?" Ukasema, "Papa, usiangalie bantu. Angalia nyuma ya motoka. Angalia magurudumu." Nami nikatazama. Gurudumu moja lilipanda mpaka karibu na bodi, na mwenzake akashuka chini, chini, akakanyaga. Gari lilijikunja kama paka anayeshuka ukutani. Hakuna mguu ulioinuliwa. Niliomba unionyeshe tena, nawe ukadhani nimefurahi. Nilikuwa namtazama mama yako juu ya magunia.

Kazi uliyofanya baada ya hapo nimeifuata yote, ingawa nilijifanya nasoma. Nilikuona unafungua vile vibano vinavyobana mabamba pamoja ili yaweze kuachana na kuteleza. Nilikuona unayasugua kutu na kuyapaka grisi, unayapanga tena, marefu na membamba. Ulirefusha kiungo kinachoning'iniza mwisho wa resori ili ipate nafasi ya kunyooka. Kisha ukagundua kwamba sasa amortisa, zile bomba za kutuliza mtikisiko, ni fupi na zinaizuia ekseli kushuka, ukatafuta ndefu Kashikishi nzima, mpaka ukazipata katika mzoga wa kamioni. Na siku ile uliyotoka chini ya gari umeshika mpira wa breki, uso umebadilika, ukasema, "Papa, ekseli ingeshuka vizuri, mais ingekata huu mupira, na ningebakia bila breki ku Meno." Mwanangu, hapo ndipo nilipojua kwamba wewe ni mwangalifu kuliko mimi, na hofu yangu haikupungua hata kidogo. Ulipopata mpira mrefu ulinionyesha kama vile mtoto anavyoonyesha jino lililong'oka.

Ulipoondoa jozi ya wazee, sikusema kitu, maana ilikuwa yangu. Ulipoondoa ya vijana, walinung'unika. Ulipoondoa nyeupe, kiongozi wa kwaya alikuja hapa nyumbani na kofia mkononi. "Papa, munaondoa ya kwaya, munaacha ya bamama. Donc siye hatuko batoto ba hii kanisa?" Nilimjibu kwa maneno marefu, akaenda zake hajaridhika, naye alikuwa na haki. Kwa sababu ulipogusa jozi ya buluu, nilikushika mkono.

Sikukuambia sababu. Nilisema gari litahitaji nguvu ya kubeba dawa na watu, na lilikuwa jambo la kweli. Lakini wewe unajua kwamba nyumba hii haina kitu kingine kilichotoka mikononi mwa mama yako siku alipokuwa anatembea vizuri. Vyombo vyake vilibaki mlimani. Kitambaa chake tulimzika nacho. Rangi ile ya buluu imebaki mahali pamoja tu, katikati ya bamba ambapo matope hayafiki. Ulinitazama, ukarudisha boliti, ukasema, "Bon. Tuache."

Kisha ukafanya jaribio lako. Ulipandisha gurudumu moja la nyuma juu ya kichuguu, na chini ya magurudumu mengine ulikuwa umetandika vipande vya uzi wa wavu mkuukuu. Ukaniambia nivute. Uzi ukikataa kutoka, gurudumu linabeba. Ukitoka, gurudumu linagusa tu, linadanganya macho. Nikavuta wa mbele, ukakataa. Nikavuta wa mbele upande wa pili, ukakataa. Nikavuta wa nyuma, ukanijia mkononi mzima, taratibu, kama unavyoutoa kwenye sindano. Uliniangalia mimi, kisha ukaangalia uzi, kisha ukaenda kunawa.

Ulikuwa tayari kwenda Meno na gurudumu lile, kwa ajili ya huzuni yangu. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi kwa ajili ya wimbo wa watu. Nilidhani nimekurithisha macho tu.

Leo Jumapili asubuhi, baada ya ibada, nilivua koti, nikatuma mtu kwa Ba Kaputo. Alifika na baiskeli, ameketi juu ya tandiko na nguo zake za kanisani. "Awe, Ba Muzee! Leo ni pa mulungu. Bantu batasema nini?"

"Batasema."

"Na Lesa?" akauliza, akionyesha mbinguni.

"Lesa anaonaka hii resori tangu zamani, Ba Kaputo. Leta jeki."

Waumini walipita njiani wakitoka kanisani, na waliona miguu ya mzee wao imetokeza chini ya gari siku ya Bwana. Kiongozi wa kwaya alisimama. Sikutoka. Nilisikia viatu vyake muda mrefu, kisha akavua koti naye, akashika upande mwingine wa bamba, akasema, "Papa, munashika vibaya, itawakata vidole." Tukaitoa pamoja. Jozi ya buluu sasa iko chini ya kitanda changu. Usiiulize.

Matokeo yake utayaona mwenyewe. Gari limeinama. Ba Kaputo alilizunguka akitikisa kichwa, akasema sasa ni gari ya kubeba bibi arusi mmoja mwembamba. Anasema kweli. Halitabeba zaidi ya mgonjwa mmoja amelala na mtu mmoja wa kumshika. Na kule juu, mwanangu, hawatakuja mmoja mmoja. Hili ndilo neno pekee ninaloweza kukupa kama urithi, na nalitoa kwa aibu kwa kuwa nililijua kwa kulikosa: watakupenda, na watataka kupanda. Atakuja mama na mtoto mwenye homa, na nyuma yake mzee mwenye kidonda, na wote watakuwa na haki. Watakuletea chuma cha kuongeza, kwa nia njema, labda wakiimba. Utapaswa kusema hapana, kisha uteremke mlima ukisikia kilio cha uliyemwacha. Meno ni mawe tu. Lile la kusema hapana ndilo linaloniogopesha, kwa sababu najua umelelewa na nani.

Ukifika Meno, shuka utembee kwanza kwa miguu. Hata kama wanaimba.

Sisemi kwamba kwa kuondoa bamba moja mlima umekuwa tambarare. Nimekwisha kukuambia ninavyoona. Naona mvua, naona kitu kidogo kimevunjika mahali pasipo na fundi, naona wavuvi wakija kutoka ng'ambo na kusimama mlangoni wakitazama miguu yao. Wala sitakwenda Kabuta kuuliza habari zako. Wenye habari hujua njia ya kunifikia.

Ba Kaputo alipomaliza kukaza nati nilimwomba aendeshe gari mpaka kwenye kichuguu chako, alipandishe. Nilitandika nyuzi kama ulivyonifundisha. Za mbele zilikataa. Nikapiga magoti nyuma, upande ule ule, nikazungusha uzi kidoleni, nikavuta. Haukutoka. Nikavuta kwa mikono miwili, kwa nguvu ambayo mzee hapaswi kuitumia, mpaka ukakatika, nami nikaketi chini. Kipande kimoja ninacho. Kingine bado kiko chini ya gurudumu, na kesho utakapoliondoa gari utakiona pale kwenye udongo. Kiache hapo hapo.

Baba yako